Ekari Hamsini za Lettice

Mwanangu Gilbert,

Kifua chako kimepona? Nimekufumia soksi za sufu. Sisi tumeshafika Virginia, tuko huku bandarini tunakungoja. Baba yako anautukana uji wa mahindi kila siku, ila bakuli analimaliza.

Uliandika, "Mama, njooni wote, upweke utaniua." Tukauza hadi ng'ombe. Jana nikamuuliza karani wa mahakama habari zako, akacheka.

"Upweke gani, mama? Alikuwa hapa juzi. Kila kichwa alicholeta kutoka Uingereza kimempa ekari hamsini za kulima tumbaku. Vichwa vitatu!"

Nikamwambia tumefika wawili tu, binti yangu Lettice alikufa kwa homa melini, wakamtosa baharini.

"Najua, mwanao alinieleza. Aliyefia njiani naye huhesabiwa," akasema.

Basi ulijua tumefika, ukatupita. Ulijua mdogo wako amekufa, ukamwandikisha.

Sikulaani, mwanangu. Ila ekari zake usizipande tumbaku. Njoo unionyeshe zilipo. Lettice hana kaburi, na mimi nataka mahali pa kukaa nimlilie.

Soksi nitakupa ukija.

Mama yako,
Thomasin