Alama za Meno kwenye Chambo cha Mjomba Taisto

Raili, nimeharibu. Shoga, nimeharibu kabisa!

Kile chambo cha mti, kisamaki cha kuvulia alichochonga mjomba Taisto, rangi ilikuwa inabanduka. Nikakipaka epoksi, ile gundi inayokauka kama kioo, nimpe leo siku yake ya kuzaliwa.

Akakipapasa kwa kidole gumba. Akakipapasa tena. "Mbona laini?"

"Nimeziba vile vishimo, mjomba!" Nacheka, mimi mjinga.

"Vilikuwa alama za meno ya samaki wa mwisho aliyevuliwa na Aune."

Marehemu mkewe, Raili! Mkewe!

Nikamwambia nitaikwangua. "Acha, utakwangua na mti." Akanimiminia kahawa. "Kinapendeza, mwanangu."

Alama bado zinaonekana ndani ya gundi. Lakini nilipokuwa naondoka, kidole chake kilikuwa bado kinazitafuta.