Sare za Kwaya Chini ya Sindano

Jumanne, 8 Julai 2025

Baridi ya Njombe leo inakata masikio. Mama Rejoice, mwenyekiti wetu wa kwaya, kaja na mfuko wa sandarusi umejaa sare kuukuu. Kumbe wameshaamua bila mimi. Kwa kuwa nina cherehani, nimshonee Mwalimu Manase blanketi la viraka la kumuaga. Kila sare tuliyowahi kuvaa itoe kipande. Ataagwa Jumapili ya tarehe 20, na Jumatatu asubuhi anapanda basi la Ludewa. Mwanawe Anderson kamwandalia chumba huko, maana tangu afiwe na mkewe Mwalimu anaishi peke yake.

Miaka ishirini na sita katufundisha kuimba. Nikasema nitashona. Ningesemaje?

Iwe siri, kasisitiza Mama Rejoice. Mwalimu asisikie hata harufu yake.

Alhamisi, 10 Julai

Vipande mia na ishirini nimekata. Damu ya mzee, bluu, kijani, na ile njano iliyotufanya tufanane na vifaranga.

Cherehani imegoma. Kabla sijamaliza kipande cha kwanza uzi wa juu ukakatika. Nikavisha tena. Ukakatika. Nikageuza kitambaa — huko chini uzi umejisokota kama kiota cha ndege. Nikabadilisha sindano. Nikakaza skrubu ya uzi wa juu, nikalegeza, nikakaza. Nikatia mafuta. Vipande viwili vikaungana vizuri, cha tatu kikamezwa na meno ya cherehani mpaka nikakiokoa kwa mkasi.

Marehemu Yosefu wangu alininunulia hii mashine. Miaka tisa tangu aondoke, haijanifanyia hivi hata siku moja.

Ijumaa, 11 Julai

Nimenunua uzi mpya, wa bei. Mchezo ule ule. Nimeifunika kwa khanga nisiione.

Jumamosi, 12 Julai

Makambako, kwa mwanangu Fredy. Nimekuja na kichwa cha cherehani kwenye kikapu, mgongo wote unauma. Fredy kanipeleka kwa fundi mmoja pale karibu na soko, kijana anaitwa Abrahamu. Kasafisha, kabadilisha kikopo cha bobini, kajaribu kwenye kitambaa chake chepesi. Ikaenda vizuri sana. Nikampa vipande vyangu viwili, vizito. Uzi ukakatika pale pale.

Kajikuna kichwa. Akasema mashine za namna hii yeye alifundishwa na mtu mmoja tu, shuleni, kipindi cha stadi za kazi.

"Na yuko huko huko kwenu, mama. Mwalimu Manase. Yule wa kwaya."

Nikacheka mpaka Fredy akaniuliza kama ninaumwa.

Ni kweli, kinanda cha kanisani anakitengeneza mwenyewe. Ila cherehani sikujua. Miaka yote hiyo nimesimama safu ya pili, mita tatu kutoka kwenye mikono yake, na sikujua.

Jumapili, 13 Julai

Nimerudi alfajiri kuwahi ibada. Baada ya ibada tumefanya mazoezi. Sisi sauti ya pili tulikuwa tunakimbia. Mwalimu kasimamisha, akasema taratibu, wimbo hauna basi la kuwahi. Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Mama Rejoice kaninong'oneza: limefika wapi? Nikasema linaendelea vizuri. Uongo, na bado tumo kanisani.

Jumatatu, 14 Julai

Nimempigia. Nikamwambia nashona mapazia, uzi unakatika, Abrahamu wa Makambako kanielekeza kwake. Akauliza Abrahamu hajambo? Kesho saa nne atakuja.

Jumanne, 15 Julai

Nimeamka na kuficha. Vipande vyote chini ya kitanda, sare kabatini, hata mabaki ya kwenye dastibini nimeyapeleka jikoni. Kisha nikabadilisha gauni. Kisha nikarudia lile la kwanza, nisionekane nimebadilisha.

Saa nne kamili kabisha hodi. Koti lake la kijivu, miwani, mfuko mdogo wa vifaa.

"Kamwene, Mama Fredy."

"Kamwene, Mwalimu. Karibu."

Hakugusa kitu kwanza. Akaniomba nivishe uzi yeye akiangalia. Nikavisha, kama mwanafunzi kwenye mtihani. Akatabasamu.

"Mguu wa mashine uko chini. Ukivisha hivyo, zile sahani mbili za kubana uzi zimebanana, uzi unapita juu juu tu, haushikwi. Ndiyo maana kule chini unajikusanya. Inua mguu kwanza, ndipo uvishe."

Jambo hilo nalijua tangu usichana. Hasira na haraka zimenisahaulisha. Nikaona aibu. Akasema hata yeye siku akiwa na haraka husahau kuvaa miwani, anaitafuta huku anaihitaji kuitafutia.

Ila uzi ukaendelea kukatika. Akatoa sindano, akapitisha ukucha kwenye tundu la kibati ambamo sindano inazama. Akachukua kidole changu, akakiweka pale pale.

"Unasikia?"

Kuna mkwaruzo. Mdogo sana, kama ukingo wa karatasi. Akasema sindano iliwahi kuvunjika hapa zamani, ikaacha jeraha. Kitambaa chepesi hakilioni. Kikiwa kizito, uzi unavutwa upande na kusagwa pale pale. Niliusikia vizuri. Nilisikia na mkono wake pia. Kidole changu hakikuwa na haraka ya kuondoka.

Akausugua kwa msasa laini, muda mrefu, kama anayempangusa mtoto uso. Kisha akafungua kibati asafishe chini ya meno. Hapo ndipo sikuwa nimeficha.

Akavuta kwa koleo dogo fundo la vumbi la nyuzi. Akaliweka kiganjani. Damu ya mzee. Bluu. Kijani. Njano ya vifaranga.

Akalisogeza karibu na miwani.

"Mapazia yako yana rangi nyingi, Mama Fredy."

Aliligusa taratibu kwa ncha ya kidole.

"Hii damu ya mzee tuliivaa tulipokwenda Ipelele. Lori likakwama kwenye matope, mvua inanyesha, watu wanalaumiana. Wewe ukaanza kuimba, pole pole, peke yako. Wakaacha kulaumiana."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilidhani hakuna aliyesikia, mvua ilikuwa kubwa.

Akalitia lile fundo la nyuzi kwenye mfuko wa shati, akafunga kibati, akajaribu mashine kwa vitambaa vinne vilivyokunjwa. Mshono mmoja mrefu, mnyoofu, juu na chini sawasawa. Akakataa malipo, akakubali parachichi sita. Akiwa mlangoni akasema Anderson ni mtoto mzuri. Chumba kina dirisha, kitanda kipya kimeshanunuliwa.

Nikasema Mungu ambariki.

Sasa nakaa nikijiuliza kwa nini sikusema kingine.

Alhamisi, 17 Julai

Inashona kama maji. Safu nane kati ya kumi. Mama Rejoice kapita, kafurahi, kasema kumbe mashine ilitaka fundi tu.

Jana nilijikuta nashona polepole. Hakuna kilichokatika. Nilikuwa nainua mguu wa mashine bila sababu, nalaza kitambaa upya, nanyoosha kilichonyooka. Leo nimejikaripia. Mjane wa miaka hamsini na minane!

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi nimemaliza safu ya kumi. Ilibaki kutia bitana na kuzungushia pindo, kazi ya saa nne hivi. Kesho ndiyo kesho.

Saa nane mchana, hodi. Mwalimu, na kifurushi cha gazeti. Blanketi lilikuwa limetandazwa juu ya meza nzima, sikuwa na pa kulificha. Akalitazama akiwa mlangoni, bila kuingia.

"Najua sitakiwi kujua," akasema. "Nilitaka kuuliza tu kama kuna nafasi ya kipande kimoja."

Ndani ya gazeti: shati lake la mwaka wa kwanza wa kwaya. Jeupe, kola imegeuka rangi ya maziwa yaliyochemka.

Nikamwambia ukweli. Safu zimejaa. Ili kiingie kimoja inabidi kufumua katikati, safu ya tano na ya sita, halafu kupanga na kushona upya. Nikamwambia: tukifumua leo, kesho halitakuwa tayari.

Akavua kofia.

"Basi, lisiwe tayari."

Nikamsogezea kiti, nikampa wembe. Anafumua vizuri, hachani, anakata mshono mmoja, anaruka miwili, anavuta. Nikapika chai. Katikati ya safu ya tano akasema, bila kuinua macho, kwamba chumba cha Ludewa ni kizuri, ila Anderson hakuwahi kumuuliza. Alimpa taarifa tu.

Nikamuuliza: ungeulizwa, ungejibuje?

Simu yake ikaita. Akatazama jina. Akaniambia, "Samahani, Mama Fredy," halafu akasimama, akasema, "Samahani, Ema." Miaka ishirini na sita, mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Yuko nje karibu na ukuta, nami nimechukua daftari kwa sababu mikono haitulii. Namsikia vipande vipande. Kwamba hapana, si ugonjwa. Kwamba tiketi anajua imeshakatwa. Hapana, hakuna aliyemkosea huko. Sikiliza kwanza, mwanangu.

Sasa kanyamaza. Ni Anderson anayesema, na anasema kwa muda mrefu. Shati liko mapajani kwangu, nimekata kipande kutoka upande wa kushoto, kwenye mfuko. Safu ya tano iko wazi.

Chai yake inapoa. Nimeifunika kwa sahani.