Jicho la Kulia la Mama

Karakana ya Useremala,
Nyuma ya Shule ya Msingi.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, bado wanakohoa kwa baridi ya huko? Sisi tunapumua. Sitasema ni wazima, maana uongo niliokwisha kukuambia unatosha.

Nilikuambia kwenye simu kwamba jicho la kulia la Mama limekufa kwa uzee. Si kweli. Nililiua mimi.

Mwaka jana nilijiunga na kundi la wapenda nyimbo za zamani mtandaoni. Humo kulikuwa na bwana tuliyemwita Santuri. Kila wimbo nilioupenda, yeye aliupenda kabla yangu. Timu yetu moja, chai yetu haina sukari. Nikasema huyu ni ndugu yangu, tumepishana tumbo tu. Uso wake sijawahi kuuona.

Jicho la Mama lilipoanza kuwasha, nilimsimulia. Akanielekeza majani ya kuchemsha, niyachuje, nimdondoshee. Jirani yetu muuguzi, yule anayegonga ukuta nikifungulia redio, alimtazama Mama akasema, "Hili jicho ni la hospitali, na ni leo." Nikaona ana kijiba cha roho tu. Mtu asiyejua wimbo hata mmoja mzuri, atajua nini? Ndivyo nilivyowaza, Dada, na mvi hizi.

Siku tisa nilimdondoshea kwa mkono wangu. Alinishika mkono akisema yanachoma, nami nikamwambia avumilie. Siku ya kumi muuguzi hakuniuliza tena. Alimshika Mama akampeleka mwenyewe. Daktari akasema tumechelewa, kidonda kimekwishakula kioo cha jicho.

Nilimwandikia Santuri. Akajibu, "Pole sana kaka. Ule wimbo wa jana umeusikiliza?"

Nimejaribu kumwita tapeli, nikashindwa. Hakuchukua chochote kwangu. Ni mtu anayependa nyimbo, basi. Joho la udaktari nilimvika mimi.

Mama hajanilaumu, na hilo ndilo linalonikata maini. Barua zako namsomea mimi siku hizi. Ya kujibu hii mtumie muuguzi ndiye amsomee, maana mimi nitaruka pale ulipokasirika.

Nisalimie Shemeji na wapwa zangu wote. Mungu awatunzie macho yenu.

Wako akupendaye, hata ukishindwa kunipenda,
Mdogo wako, Seremala