Salamu ya Bibi Mbele ya Kamera

Rusimbi,
Kigoma.
18 Agosti 2024

Mpendwa Dada Winfrida,

Shikamoo. Anayekuandikia ni mwongoza wageni hatari kuliko wote kuanzia hapa hadi ng'ambo Kongo. Nikisimama ufukweni, hata migebuka ziwani inajipanga mstari ipigwe picha. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Na baridi ya Moshi je, bado inakuvalisha soksi mbili mbili? Mimi mzima, weusi tu ndio umeongezeka, na uzuri.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu ilitumbukia majini pale Katonga, nikiwaonyesha wauza dagaa ninavyoruka kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Usinisahihishe mwandiko, mwalimu wewe. Kidato cha pili kilinitosha.

Ziwa hili, dada, ungeliona! Maji meupe mpaka unahesabu mawe ya chini. Wageni wanapita kwenda Gombe kuwaona sokwe, wanarudi wamebabuka pua, wanaondoka. Wananikumbatia kama ndugu, kesho yake siwajui, hawanijui. Vijana wa bodaboda wa Mwanga ya hapa mjini nao wananiita Mchaga, na wakitaka kunisema wanahamia Kiha. Nawaambia baba yetu ni Muha kamili. "Haya, jibu kwa Kiha basi!" Nabaki kutoa meno tu. Kwa hiyo jioni narudi nyumbani mapema. Bibi ndiye mtu wangu pekee huku.

Na bibi asubuhi hana salamu ya mkato. Anainama kidogo, anapiga makofi taratibu, "Mwakeye," halafu anauliza nimelalaje, baba yuko vipi, wewe dada huko Moshi uko vipi, mpaka mbuzi wa jirani, chai inapoa. Nami napiga makofi, najibu ovyo ovyo, ananirekebisha huku akicheka.

Sasa sikia akili ya mdogo wako. Pale Ujiji kuna mnara, na watu wanapanda ndege kuja kuona mahali Wazungu wawili wa zamani waliposalimiana. Hawakupigana wala kuoana, walisalimiana tu! Nikajiambia, kama salamu ya mdomo mtupu imejengewa mnara, ya bibi yetu itajengewa ghorofa. Asubuhi moja nikawaleta mume na mke kutoka Ubelgiji mpaka uani. Bibi akatoka, akanisalimu vizuri kabisa, makofi na yote. Mzungu akasema kamera haikushika.

"Bibi, rudia," nikamwambia. "Anzia kwenye makofi."

"Kwani umeamka mara ngapi leo?"

Nikawatafsiria, wakacheka sana. Akarudia. Nikamsogeza, nikamwambia arudie tena, ili jua limpige usoni. Safari ile aliisalimia kamera, mimi hakunitazama. Wageni walifurahi mno. Walisema mimi ni hazina ya Kigoma, na mimi nani niwabishie?

Nisalimie baba na mama, shangazi Jovita, na mwanao Gasper. Mwambie mjomba wake anaogelea kuliko mamba. Mungu akufunike, dada, akuondolee hicho kikohozi usiku ulale.

Hapa nilitaka kuandika kwamba bibi anakusalimu. Sijamuuliza. Tangu siku ile asubuhi ananiambia "habari" tu, kwa Kiswahili, ananimiminia chai, anachukua jembe anatoka. Sisikii jina lako, wala la baba, wala mbuzi. Jana nikaanza mimi. Nikainama, nikapiga makofi polepole kama alivyonifundisha, nikasema, "Mwakeye, bibi."

Akaniuliza kamera iko wapi. Hakuwa ananitania, dada. Alichungulia mlangoni kweli, kuona nimekuja na nani.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,
Japhet