Maji ya Faida yamelala upande

Bukavu, Jumatatu asubuhi

Papa mupenzi,

Pokea salamu zangu wewe na Mama, na lile goti lako la kushoto ambalo najua limeanza kulalamika, maana mvua imerudi. Sisi huku tuko wazima, mimi, mume wangu na watoto watatu. Dawa ya kupaka nimempa yule mama anayeleta chumvi Shabunda kwa ndege, ndiye pia amebeba barua hii. Nimekupigia simu mara sita, haipatikani. Basi soma mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Barua yako niliipata. Ilikuwa na mistari ishirini na miwili. Minne ilikuwa yangu, kumi na minane ilikuwa ya mudogo wangu Faida na akwariumu yake. Unasema mujukuu alikuonyesha picha kwenye simu, sanduku la kioo lenye samaki wa rangi, halina kadre juu wala chini, na ukaandika kwamba Faida amefanya maji yasimame yenyewe kama yanamuheshimu. Kisha ukaniuliza mimi, ninayetengeneza akwariumu mwaka wa tisa huu, mbona sijatengeneza nzuri vile.

Papa, hilo neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Acha nikujibu.

Za kwangu zina kadre, yaani ule mukanda wa aluminiamu unaozunguka juu na chini. Si urembo. Maji yanasukuma kioo saa zote, na kioo kirefu kinataka kutoka tumbo katikati. Mukanda unakikamata. Kwa hiyo kioo cha milimeta sita kinanitosha kwa sanduku la mita moja na ishirini, na mufuniko unapata pa kukalia. Ukiondoa kadre, unapanda mpaka milimeta kumi. Sasa hesabu, wewe mwalimu: kioo cha mita moja kwa mita moja, kila milimeta moja ya unene ni kilo mbili na nusu. Hiyo sikuisoma darasani. Niliijua kwa mugongo, ile miaka niliyobeba vioo kutoka port ya ziwa mpaka madukani, kamba kwenye paji la uso, na Faida yuko chuo kikuu kwa sababu mulisema ndiye mwenye kichwa. Sanduku langu likiwa tupu ni kilo thelathini na moja. Lake ni hamsini na mbili. Uzuri wote uliouona kwenye simu ni kilo ishirini na moja za kioo zaidi. Basi.

Na hakununua kwangu. Nilifika kwake na mita ya kupimia mukononi, nikakuta ameshaagiza ng'ambo ya mupaka.

"Yaya, usikasirike," aliniambia, kwa lile yaya lake la mudogo kwa dada mukubwa. "Yako iko muzuri, lakini iko na kadre sawa dirisha ya biro. Mi nataka ile unaona maji tu."

Dirisha la biro, yaani la ofisi! Akwariumu zangu ziko kwa daktari wa meno, ziko kwenye restora mbili na hoteli moja. Mudogo wangu wa tumbo moja anaona dirisha.

Yake iliwasili, wanaume watatu wakaipandisha kule juu walikojenga, kwenye mutelemuko unaoangalia ziwa. Siku ya komunyo ya kwanza ya mutoto wao nilialikwa kama wageni wengine. Salon imejaa, kila mutu anapiga picha. Umeme ulipokatika, samaki walibaki na taa, maana mume wake Deo amewanunulia betri. Kwangu tulikula kwa mushumaa wiki ile yote, lakini samaki wa Faida wana betri.

Mama mumoja wa parokia akasema, "Eh, Faida! Samaki zako zinatulia kuliko bwana yangu!"

"Zinatulia wapi?" Deo akacheka. "Moja iliruka juzi, tuliikuta kavu nyuma ya kiti."

Nilifurahi, Papa. Nakuambia ukweli, samaki aliyekufa alinifurahisha kuliko keki. Nikasogea kutafuta kosa lingine. Silikoni kwenye pembe ilikuwa safi, nisingeweza kuifanya vizuri zaidi, na hilo liliniuma. Ndipo nikaona maji. Upande wa kushoto yalikuwa sentimeta mbili chini ya ukingo. Upande wa kulia, tatu. Maji hayajui kudanganya, Papa, yenyewe yanalala sawa siku zote. Kilicholala upande ni kile yanachokalia, yaani meza.

Fundi mwenye moyo mweupe angeuliza palepale, hii meza iliwekwa na nani, na lini. Sikuuliza. Niliinua glasi yangu ya Fanta, nikamwambia Faida, "Iko muzuri sana," nikarudi nyumbani na furaha yangu. Nilikaa nayo siku ishirini. Nilikuwa nangoja mutu mwingine aione, aseme mbele ya watu kwamba kitu cha gharama kimewekwa vibaya.

Hakuna aliyesema. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilikwenda mwenyewe, na nivo ndani ya mufuko, kile chombo cha fundi chenye kachupa ka maji na kiputo cha hewa kinachosimama katikati kitu kikilala sawa.

Faida aliponiona ninakitoa akapiga makofi. "Yaya! Umekuja na nivo kwangu? Uko polisi ya maji sasa?"

"Nataka Deo aone kazi ya hao mafundi wenu."

Deo akaja, akatazama, akakuna kichwa. "Lakini yaya, siku ile waliweka nivo mbele yangu. Kiputo kilisimama katikati kabisa. Nilipiga na picha." Akaitafuta kwenye simu, akanionyesha. Ni kweli. Meza ileile, kiputo katikati, maji sawa kushoto na kulia.

Papa, basi meza haikuwekwa vibaya, imelala baadaye. Nilipima tena. Tofauti haikuwa sentimeta moja, ilikuwa moja na nusu. Nivo nikaiweka chini sakafuni, penye kiti, penye mulango. Kiputo kinakimbia upande uleule. Nyumba yao ina upana wa mita tisa. Kama sakafu yote inalala vile, upande wa ziwa umeshuka sentimeta kumi na moja na kidogo, na zote katika miezi minne tangu picha ile ipigwe. Nilitoka nyuma. Kwenye ukuta wa chumba cha watoto kuna ufa uliopakwa rangi, na rangi yenyewe imepasuka tena, vidole vyangu vitatu vinaingia. Mulango wa chumba kile unakwaruza chini.

Nikamwambia, "Faida, nyumba inatembea. Mutoke leo. Muje kwangu."

Faida akaweka mikono kiunoni. "Yaya, tangu tunajenga hapa ulisema tunajenga kwa kujionyesha. Ukasema rangi mubaya. Ukasema kadre. Sasa nyumba inatembea?"

"Angalia maji."

"Wivu ndiyo inapima, si nivo."

Hajanisingizia, Papa. Deo alirudisha simu mufukoni. Nyumba ni jasho lake, mutu hapendi kusikia.

Jana Faida alinitumia picha. Amekunja karatoni, ameisukuma chini ya miguu ya meza, maji yamenyooka. Chini ameandika: "Imepona." Akaweka sura tatu za kucheka.

Sasa kuna jambo nataka ulijue kwa mukono wangu. Kadre yangu inafunika sentimeta tatu juu. Mustari wa maji unajificha nyuma yake, ndiyo sababu wateja wanasema akwariumu zangu zinaonekana nadhifu. Kama Faida angenunua kwangu, hakuna ambaye angeona kitu mpaka ukuta uanguke. Kile kioo uchi nilichokichukia ndicho kilichosema. Nimeligeuza hilo kila upande ili nipate pa kushinda, sijapata.

Kwa hiyo nakuomba, Papa. Siku ukipokea barua hii, usingoje goti lipone. Panda kwenye kilima kile simu inaposhika, umupigie Faida. Wewe hajawahi kukukatalia, na hilo nalo linaniuma, lakini leo linatufaa. Chumba cha mbele nimekitoa kitupu, watoto wake watalala na wangu. Akwariumu haiingii. Samaki nitawawekea ya kwangu, yenye kadre, na atanyamaza.

Salimu Mama, umwambie kitenge chake kiko ndani ya mufuko wa dawa. Salimu kaka yetu anayechimba kule mutoni, atume walau neno moja. Shangazi mukubwa, na katekista aliyenifundisha kuandika ulipokuwa mugonjwa, wote nawashika mukono.

Na ukimupigia, jina langu usilitaje. Usimwambie habari za nivo wala sentimeta. Najua wewe mwalimu huamini mambo ya ndoto, lakini mara hii moja, mwambie umeota nyumba yake imeingia ziwani na watoto ndani, na sauti yako itetemeke kidogo. Mimi nimepima mara mbili, hakuamini. Ndoto yako ataiamini kabla hujaimaliza.

Mimi binti yako wa kwanza,
Mwavita