Uzi wa Rangi ya Chungwa Mkononi Mwako

Mwaitu, mama yangu,

Bado unanishika. Naanza na hilo kwa sababu sijamwambia mtu, na wewe peke yako hutanicheka. Kila Jumatatu asubuhi Kyalo akipiga honi ya bodaboda pale langoni anipeleke kazini Mutomo, kifundo cha mkono wangu wa kushoto kinabanwa. Hakiumi. Ni vidole vinne upande mmoja na gumba upande wa pili, na gumba ndilo lenye baridi kuliko vingine. Natazama, hakuna kitu. Napanda pikipiki, na tukifika kwenye lami kinaachiwa.

Habari nyingine za hapa Ikutha ni za kawaida. Mvua ilikuja ikaondoka kabla mahindi hayajatoa ndevu, ila ndengu zimejitahidi. Yule mbuzi wako mwenye sikio moja amezaa mapacha, na sasa ana kiburi hata hapishi watu njia. Mwende, huyu mke wa kaka aliyekuuguza, bado anafungua nyumba yako kila asubuhi na kufagia, ingawa hakuna wa kuichafua. Leo baada ya kanisa tumetoa kitanda chako nje kipigwe na jua, na chini yake nimekuta kitu ambacho lazima nikuandikie. Lakini acha nianze mbali kidogo, nisije nikalia kabla sijamaliza.

Unakumbuka mguu wa kuku? Nilikuwa darasa la tatu. Ulichinja jogoo, ukakata mguu, ukatafuta ule uzi mweupe unaochungulia pale ulipokatwa, ukauvuta. Vidole vikajikunja. Ukauachia, vikafunguka. Nilikimbia hadi zizini, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. "Kuku ameenda," ukaniambia, "lakini uzi wake bado unajua kazi." Nilikaa chuoni miaka mitatu nikisomea kunyoosha viungo vya watu, na sikupata mwalimu aliyeeleza vizuri hivyo.

Wagonjwa wangu huwa nawaanzia pale ulipoachia. Nawaambia ubongo unatoa amri, amri inashuka kwenye uti wa mgongo, inapita kwenye neva mpaka kwenye msuli. Msuli unajikaza, unavuta ule uzi, yaani kano, na mfupa unafuata. Moyo na mapafu vinaleta damu na hewa, la sivyo msuli unachoka mara moja. Ngozi na macho yanarudisha habari juu, ili mkono usilipasue yai unapolishika. Hakuna kiungo kinachosogea peke yake, nilikuwa nikisema, tena kwa sauti ya mwalimu mkuu. Nilikuwa na hakika sana, Mwaitu.

Halafu kiharusi kikakukuta ukipepeta ndengu. Upande wa kulia wote ukalala, na maneno yakaenda pamoja nao. Wewe uliyekuwa ukisuka kiondo huku ukisimulia mambo ya majirani watatu kwa mpigo, ukabaki na macho na mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nakaa Mutomo wiki nzima, narudi Ijumaa, naondoka Jumatatu. Mkono wa kulia ulijikunja ngumi, kama inavyotokea, kucha zikaanza kukuchoma kiganjani. Nikakununulia donge la uzi wa sufu, rangi ya chungwa, nikakuwekea ndani ya ngumi ili usijiumize.

Ijumaa iliyofuata lile donge lilikuwa limepungua. Iliyofuata tena, lilikuwa dogo kama ndimu. Nilimfokea Mwende kwamba watoto wake wanachezea vifaa vya mgonjwa. Mwende aliinama tu akaendelea kusugua sufuria. Nikaleta donge lingine, nalo likaanza kuisha.

Kisha ukaja ule mwayo. Akina mama wa kanisa walikuja kukuombea Jumamosi, adhuhuri, kumetulia hata kuku hawalii, ni bati tu lililokuwa likialika kwa jua. Katikati ya maombi ulipiga mwayo mrefu, na mkono ule uliolala ukainuka. Hakuna aliyeugusa. Ulipanda polepole mpaka usawa wa bega, uzi ukining'inia kutoka kwenye ngumi, ukakaa hapo hewani mpaka mwayo ukaisha, kisha ukashuka. Mama mmoja alipiga magoti. Mwingine alisogea karibu na mlango, akatafuta viatu vyake kwa mguu bila kuangalia chini.

Mimi nikasimama kuwafundisha. Niliwaambia barabara kubwa ya amri imekatika ndani ya ubongo, lakini mwayo una njia yake nyingine ya zamani, kama kile kijia cha mbuzi nyuma ya mlima, na kupitia hapo mkono unaweza kuinuka bila mwenyewe kuamua. Yote hayo ni kweli. Kisha nikamalizia kwa kusema, "Si yeye. Ni neva tu." Nilikuwa hatua mbili kutoka kitandani kwako. Ulinitazama, nami nikakurekebishia mto.

Jumatatu ya mwisho niliinama kukuaga. Mkono wako wa kulia ukanishika kifundo. Ulinibana kwa nguvu ambazo sikujua bado unazo. Mwende alikuwa amesimama na kikombe cha uji, nikamwambia tena yale yale, "Si yeye, misuli imekaza." Kyalo alikuwa anapiga honi. Wagonjwa walikuwa wananisubiri. Nikafanya tunavyofundishwa: nikakukunja kifundo kwa ndani ili kano zilegee, nikaanza na gumba, nikafungua kidole kimoja kimoja. Vilirudi. Nikavifungua mara ya pili, nikaenda.

Saa nane mchana nilikuwa nimeshika mkono wa mzee mmoja, namhesabia mazoezi, moja, mbili, tatu. Simu ikalia.

Tulipokwenda mochari kukuvika, mimi na Mwende, ile ngumi ilikuwa imelegea, vidole nusu wazi, kwa mara ya kwanza tangu uugue. Kati ya vidole ulichungulia uzi wa chungwa, kipande kifupi. Sikufikiri. Niliuvuta. Kidole chako cha shahada kikajikunja kunielekea, kama mtu anayeniita nisogee. Mwende alipiga yowe. Nikaachia, nacho kikarudi taratibu mahali pake.

Najua kilichotokea. Uzi ulikuwa umezungushwa kidoleni, nimevuta, kidole kimefuata. Nimewaeleza watu mambo magumu kuliko hayo. Lakini nilisikia kicheko chako cha siku ya jogoo ndani ya chumba kile, karibu na sikio langu, na tangu hapo ndipo kubanwa kulipoanza. Na kila ninapobanwa nakuuliza swali lile lile. Ulikuwa wewe? Ulikuwa unaniomba nisiende?

Basi leo. Chini ya kitanda, ndani ya gunia, nimekuta kiondo. Nusu ya chini ni kazi yako ya zamani, katani iliyokazwa hata maji yangesita kupita. Juu yake kuna mistari ya rangi ya chungwa. Imelegea, imepinda, mahali pengine imeruka kabisa. Ni uzi wangu, Mwaitu. Niliununua baada ya kiharusi.

Nilimwita Mwende. Aliona nilichoshika, akakaa kwenye kizingiti.

"Alikuwa anafumua ile donge," akasema. "Hii ya kushoto inapitisha, hiyo ya kulia inashikilia. Kwanza ilikuwa inashika na ngumi tu. Halafu hivi vidole viwili vikaanza kusaidia, kidogo kidogo. Mstari moja ilikuwa inamaliza siku mbili. Akisikia pikipiki ya Ijumaa ananionyesha na kidevu, nifiche. Hakutaka uone kabla haijaisha. Na wewe, Mbithe, usikasirike, ungeona hiyo mkono inasonga ungeanza kuihesabia."

Sikukasirika. Nililia mpaka mbuzi wakaja kutazama. Ningekuhesabia kweli, unanijua.

Mkono uliokuwa unasuka Alhamisi ulijua kushika Jumatatu. Kale kamtaalamu kalikomo ndani yangu bado kananong'ona kwamba kusuka ni kitu kimoja na kushika ni kingine, nimekaambia kanyamaze. Ulikuwa wewe. Nilisema mara mbili mbele yako kwamba si wewe, na hukuwa na ulimi wa kunibishia. Nisamehe. Naona aibu, na nakukosa sana, hasa mchana kama huu nyumba ikiwa kimya na mlango wako uko wazi.

Mstari wa mwisho haukuisha. Uzi umekatika katikati, na kile kipande kilichobaki kidoleni mwako tulikuzika nacho. Mwende anataka amalizie, anasema ni kazi ya jioni moja. Nimekataa. Nitakibeba kiondo hivyo hivyo kazini, na nyuzi zikining'inia, na anayetaka kucheka acheke. Sitasema tena "si yeye" mbele ya mgonjwa asiyeweza kujibu. Nitamuuliza mwenyewe, nishike mkono wake, nikae kimya mpaka nipate jibu au nichoke kusubiri.

Sasa pumzika, Mwaitu. Kitanda nimekirudisha ndani, na dirisha nimeliacha wazi kidogo kama ulivyopenda. Barua hii naiandika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto nimeulaza juu ya kiondo chako.

Kesho ni Jumatatu. Ukinishika, sitakukunja kifundo wala sitaligusa gumba. Kyalo atapiga honi mpaka achoke.

Atasubiri.

Mwanao,
Mbithe