Kaka Yangu Hakulala Lindoni

Kaka yangu Okello,

Nakuandikia nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Walimu wenzangu wananiambia miaka sita inatosha, nimwachie Mungu. Nimekataa. Mungu ana kazi nyingi na watu hawa wana mawakili wengi. Barua hii nimeipeleka gazetini ili na wao waisome, yaani kampuni ile ya Kimarekani iliyokuchukua hapa Kampala ukalinde geti la kambi ya jeshi lao kule Iraq, kisha ikaturudishia sanduku na karatasi inayosema ulikufa ukiwa umelala kazini.

Unakumbuka kambi ya polisi tulikokulia? Baba Mwacholi, Mkatoliki, mama Mwislamu wa Arua, kila mmoja na lugha yake, kwa hiyo chakula tulikiomba kwa Kiswahili, na mboko tulichapwa kwa Kiswahili. Miaka ile baada ya vita vya themanini na sita risasi zilikuwa bado zinasikika ovyo, na baba alikuwa na neno moja tu. “Lala!” Hakuwa na maana ya kitandani. Ukilisikia unaanguka kifudifudi palepale ulipo, halafu maswali baadaye. Siku moja nililala ndani ya ungo wa unga wa mtama wa mama. Ukaja juu yangu, ukanifunika kichwa kwa mkono wako, na hatari ilipopita ukacheka mpaka baba akatishia kuvua mkanda. “Baba, angalia toto hii,” ulisema, “imekuwa mandazi.” Nilikuchukia wiki nzima.

Nilipokuwa mwalimu wa Kiswahili ulinicheka tena. Wanafunzi wangu wa Kampala huniuliza kwa nini wajifunze lugha ya wanajeshi na wezi, na nilipokusimulia hukunitetea hata kidogo. “Mwalimu, Kiswahili yako ni ya redio,” ulisema. “Yangu ni ya kazi.” Nikakusahihisha ngeli. Ukanisahihisha kwa kunivuta sikio, mtu mzima na chaki yangu mkononi.

Kutoka Iraq ulinipigia simu kila Jumapili na ulijitahidi nisijue mambo yalivyo. Lakini mimi nakujua, ukitaka kuficha jambo unafanya mzaha. Ulinieleza kwamba kwenye makaratasi yao mliitwa watu wa nchi ya tatu. “Ya kwanza Marekani,” ulisema, “ya pili wenye nchi yao hapa, ya tatu sisi. Medali ya shaba, dada!” Wamarekani walikuwa na ukumbi wao wa kulia, nyinyi mlipanga foleni nje kwenye jua. Wao walikaa ndani nyuma ya zege, nyinyi mlisimama getini ambako gari la bomu hufika kwanza. Fulana yako ya kuzuia risasi ilikuwa na jina la mtu mwingine limeandikwa kwa kalamu ya wino, na ulisema unamsalimia kila asubuhi unapoivaa. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Halafu mwaka ule wao wakamchagua mtu mweusi kuwa rais. Mtaa wa Kabalagala hapa Kampala ulikesha, watu wasiojua hata ofisi ya kata yao iko wapi walilia machozi ya furaha. Ukanipigia ukipiga kelele, “Mtu yetu ameshinda! Sasa hata foleni itabadilika!” Foleni haikubadilika, kaka. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na nitasema ninavyoona mimi. Nchi ile inaweza kubadilisha sura ya mtu aliye juu kabisa bila kugusa kitu pale getini. Vita vilikuwa vimekodishwa kwa kampuni, na kampuni haipigiwi kura. Mwanasiasa wao akisimama kuwataja vijana wake waliokufa, sauti ikitetemeka, orodha yake inaishia kwa waliovaa bendera yake. Mweusi aliyekodishwa Uganda hayumo. Ndiyo faida ya kumkodisha. Kifo chake hakimgharimu mtu kiti bungeni.

Ulikufa saa tisa mchana. Hayo nimeyapata kwa Wafula, mwenzako wa lindo, aliyerudi na mguu mmoja akaja mpaka kwetu Kyebando kutuambia. Nyinyi watano mlikuwa juu ya ukuta, wewe kamanda wao, redio mkononi. Ukaona kombora linakuja. Ukapiga kelele kwenye redio, “Lala! Lala wote!” Wanne wakaanguka wakabaki hai. Wewe ulikuwa bado umesimama unawaita wa geti la pili.

Redio ile hurekodiwa. Kampuni ikamtafuta mtu wa kuitafsiri, naye akaandika kwa Kiingereza safi kwamba kamanda aliwaamuru walinzi wake wapate usingizi. Basi. Umelala lindoni, umevunja mkataba, kosa ni lako, faili limefungwa. Mama yetu anaitwa sokoni Kyebando mama wa mlinzi aliyelala. Picha yako ameigeuza ikatazama ukuta, si kwa aibu, anasema, ila hataki uone anavyotazamwa. Aliniomba kitu kimoja tu, nikafute neno lile kabla hajafa.

Mwaka jana nikasikia wamerudi kuandika watu wengine, katika ukumbi wa hoteli moja Kabalagala. Nikaenda na ile karatasi. Mlangoni askari akaniuliza kwa adabu ya Kiganda, “Nyabo, unatafuta nani?” Nikamwambia natafuta mtafsiri. Ndani, wanaume kama hamsini wamekaa kwenye viti vya plastiki, wengi wanajeshi na polisi wa zamani, wamevaa suti, nyingine za kuazima, viganja vimemezwa na mikono ya koti. Mezani yuko mkubwa wao, Mmarekani mweupe mwenye sauti ya upole, na pembeni yake kijana Mmarekani mwenzake ambaye, nilipojitaja mwalimu nikataja na jina lako, alishusha macho. Ndiye aliyetafsiri.

“Shikamoo, mwalimu,” akanisalimia. Shikamoo, Kampala, ambako hakuna anayeisema! Nikajua mara moja kwamba Kiswahili chake amekipata darasani. Kiingereza ninacho, lakini siku ile nilikataa kukitumia. Nilitaka wahangaike kidogo na lugha yetu.

Nikamwonyesha neno. Akaniambia kwa adabu, “Samahani sana, dada. Kulala ni kulala. Niliangalia kamusi tatu.”

Nikaugeukia ukumbi, nikavuta pumzi, nikatoa sauti ya baba.

“Lala!”

Kaka, laiti ungeona. Hamsini wote chini, kifudifudi, kabla mimi sijafunga mdomo. Viti vikapinduka, vyeti vikaruka. Ambao hawakuanguka ni mimi, mkubwa na yule kijana. Halafu sauti kutoka sakafuni: “Banange, jamani, nyabo, tuamke ama bado?”

“Muulize mkubwa wako,” nikamwambia kijana, “kati ya hawa nani amesinzia.”

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akamwinamia mkubwa akamweleza kwa kirefu, na alieleza vizuri, namshuhudia kwa hilo. Alisema alikosea. Alisema ulikuwa unawaokoa wenzako. Niliona nimeshinda. Nilifurahia aibu yake na nilitaka iongezeke.

Mkubwa akawatazama wale wanaume wakijipangusa vumbi kwenye suti za watu. Akatabasamu. Akasema kwa Kiingereza chake cha upole kwamba hajawahi kuona nidhamu kama hii, na kwamba hakuna haja ya usaili tena. “Tunawachukua wote.”

Wakapiga makofi! Mmoja alinishika mkono kwa mikono yote miwili, macho yamejaa machozi. “Webale nyabo, asante sana. Umeletea sisi bahati.” Nilimwangalia, mtu wa rika lako. Nimewapelekea watu hamsini, kaka. Hilo nalo nimeliweka kwenye orodha ya mambo ambayo kampuni ile imenifanyia.

Nikaulizia karatasi yangu. Kijana akatafsiri kwamba faili limefungwa, makao makuu hawafungui faili, ila mkubwa amependa sauti yangu na anauliza kama ningekubali kazi ya kuwafundisha walinzi amri.

“Mwambie alale,” nikasema.

Kijana akasita. “Kulala... usingizi, au chini?”

“Wewe ndiye mtafsiri.”

Nikatoka. Yule kijana namwombea asitafsiri kitu chochote tena maisha yake yote bila kukumbuka jina lako. Mkubwa wake simwombei lolote. Simtakii kifo, kifo ni cha haraka. Namtakia asimame kwenye jua, mwisho wa foleni ya nchi ya tatu, na mtu mwenye sauti ya upole amwambie faili lake limefungwa.

Mama nilimwambia ukweli wote. Akauliza, “Wote walianguka?” Nikamwambia wote. Akasema niandike hivyo mahali watu wa sokoni watakaposoma. Ndiyo sababu ya barua hii, na watu wa Kyebando mnaoisoma, mama yetu ana jina, mwiteni kwa jina lake.

Sasa nimefika mahali pa kuagana. Walimu wenzangu wameipitia barua wakaniambia nimalizie kama watu wote wanavyowamalizia marehemu wao, lala mahali pema. Nimejaribu mara mbili nikafuta. Wengine wataliandika neno hilo, si mimi, si kwako. Kaa macho, kaka.

Dada yako